Siku Moja Ahmedabad: Shangazi Anajibu Wasomaji

Tangu nilipogusia kidogo habari za kupeleka wagonjwa India, barua hazijakoma. Wengi mnauliza kuhusu Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat ambao watu wetu wa magharibi mwa Kenya wamezoea kuufikia kwa sababu ya hospitali. Leo nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua aliyeiandika hakuiandika kwa moyo mwepesi.

*Shangazi, salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama yetu anakwenda Ahmedabad kubadilishwa vali ya moyo, na tunaomsindikiza ni mimi na dada yangu. Tumeambiwa kwamba akishatoka wodini tutakaa nyumba ya wageni karibu na hospitali mpaka daktari amruhusu kupanda ndege. Nasikia mji huo ni wa kale na natamani kuuona walau siku moja. Shida ni kwamba pesa za matibabu zilitokana na harambee. Kanisa lilichanga, walimu wenzangu walichanga, hata vijana wa bodaboda wa stejini kwetu walichanga. Nikionekana kwenye picha nikizurura mjini, watasemaje? Na kama si vibaya, nianzie wapi? Kuna dereva wa teksi ameandikia dada yangu kwamba atatuonyesha sehemu kumi kwa siku moja. — Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, tuanze na hilo linalokunyima usingizi. Nimekuwa muuguzi miaka mingi hapa Kisumu, na dada yangu nilimpeleka Ahmedabad mwenyewe. Mtu anayesahaulika katika safari hizi ni yule anayemsindikiza mgonjwa. Analala kwenye kiti, anakula kilichobaki kwenye sahani ya mgonjwa, anabishana na karani wa malipo kwa lugha ambayo si yake wala ya karani. Baada ya wiki mbili za namna hiyo, anaanza kusahau saa za dawa. Ukitoka siku moja ukapumua, anayefaidi wa kwanza ni mama yako.

Ila pesa zisichanganywe. Shilingi ya harambee ina kazi yake, na mwekahazina akitaka risiti azione za hospitali, dawa, malazi na tiketi. Matembezi yatoke kwenye mshahara wako, na mweleze mwenyekiti wa kamati mapema kabla hujaondoka. Hapo picha huna haja ya kuzificha. Ukizificha ndipo maneno yatakapoanza. Na umweleze mama. Dada yangu ndiye aliyenifukuza chumbani siku hiyo, akaniambia niende nikarudi na kitu cha kumsimulia, maana alikuwa amechoka kunitazama nikimtazama. Wewe na dada yako muende kwa zamu. Asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na anayebaki awe na namba ya daktari kwenye simu.

Sasa huyo dereva wa sehemu kumi, mwambie asante, hapana. Atakushusha, utapiga picha ya lango, atakupandisha tena. Ahmedabad ya kale iko vichochoroni ambako gari halipiti. Mji ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, na mwaka 2017 UNESCO iliutangaza kuwa mji wa urithi wa dunia, wa kwanza nchini India kupata hadhi hiyo. Kilichowavutia si majengo makubwa peke yake, ni hiyo mitaa ambayo watu wanaishi hadi leo.

Halmashauri ya jiji ina matembezi yake ya asubuhi, yalianza mwaka 1997, na ndiyo ninayokushauri. Mnakutana kwenye hekalu la madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan lililoko Kalupur karibu saa mbili kasorobo asubuhi, mnaonyeshwa picha za mji kwanza, kisha mnatoka kwa miguu na mwongozaji wa hapohapo hadi Msikiti wa Ijumaa. Kutoka hekaluni hadi msikitini, hiyo ndiyo njia yenyewe. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na gari la kukodi. Ulizia kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni jioni iliyotangulia wakuthibitishie saa na mahali pa kulipia.

Hekalu lenyewe ni la mwaka 1822, la kwanza la madhehebu hayo, na utaliona limejaa nakshi za mbao za msaji kutoka Burma zilizopakwa rangi. Usikae sana hapo. Utamu unaanza mkishavuka barabara na kuingia kwenye kile wanachokiita *pol*. Ni mtaa mdogo uliojifunga: lango moja, kichochoro kimoja kikuu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na ndani mna hekalu dogo, kisima na ubao wa matangazo ambao jirani anaandika kwa chaki nani amefariki na maziko ni lini. Watu wa *pol* moja kwa kawaida walikuwa wa ukoo au kazi moja. Mwongozaji wetu, kijana aliyezaliwa humohumo, alitupitisha kwenye mlango niliodhani ni wa jikoni kwa mtu, tukatokea mtaa mwingine kabisa. Njia hizo za siri ziliwasaidia watu kukimbia wakati wa fujo. Peke yako usingeiona, na teksi isingekufikisha.

Hapo langoni tazama juu. Utaona nguzo ndefu iliyobeba kibanda cha mbao chenye nakshi, kinaitwa *chabutro*. Ni cha kulishia ndege. Mji ulipojaa nyumba na miti ikaisha, watu waliwajengea ndege mahali pao. Nilimwona mama mmoja mwenye sari ya buluu akipeleka bakuli la mtama, na kabla hajamaliza kumimina, kasuku wa kijani walikuwa wameshatua, na kindi mmoja akipanda nguzo kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyewafukuza. Nilisimama pale mpaka mwongozaji akaniita.

Mtapita penye sanamu ya mshairi Dalpatram, aliyeishi karne ya kumi na tisa, ameketi barazani kana kwamba anangoja wageni; watu hukaa kando yake wakapiga picha, nawe ukae. Mtaona hekalu la mungu Ram wa jiwe jeusi, na mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, ambayo kwa nje ni ukuta tu. Baadaye Manek Chowk, uwanja ambao asubuhi ni soko la mboga, mchana ni wa wauza dhahabu na fedha, na usiku meza za chakula zinajaa mpaka saa za kulala. Nyuma yake wamezikwa Ahmad Shah na, upande wa pili, malkia zake. Maduka ya nguo na bangili yamebana makaburi hayo pande zote.

Halafu Msikiti wa Ijumaa. Ulikamilika mwaka 1424. Una nguzo 260 za jiwe la rangi ya manjano, na ukizikagua utaziona zinafanana na nguzo za mahekalu ya Kihindu na ya Wajaini, kwa sababu mafundi walikuwa walewale. Minara yake miwili mikubwa ilianguka kwenye tetemeko la ardhi la mwaka 1819, vikabaki vishina vyake vyenye nakshi. Vua viatu, beba soksi maana sakafu ya uani inaunguza miguu ikifika saa tano, na zamu ya dada yako ikifika, ajifunike kichwa.

Mchana pumzika. Mimi nilikwenda mkahawa wa Lucky, pale Lal Darwaza, kunywa chai na mkate wa siagi. Mkahawa huo umejengwa juu ya makaburi ya zamani. Yako mle ndani katikati ya meza, yamepakwa rangi ya kijani na kuzungushiwa vyuma, na kila asubuhi wenye mkahawa huyawekea maua. Wateja wanapita wakiyakwepa kwa adabu. Chai yao ni nzito, ya maziwa, kama ya kwetu.

Kutoka hapo ni hatua chache tu hadi mahali ambapo ningekuomba ukae kuliko pengine popote. Ni msikiti mdogo, umezungukwa na magari na honi, unaitwa Sidi Saiyyed. Ulijengwa 1572 hadi 1573, wakati uleule majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamughal waliotawala sehemu kubwa ya India, yalipokuwa yakiuteka usultani wa Gujarat. Aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa Mwafrika, Mhabeshi. Waafrika walifika Gujarat kwa karne nyingi, wengi wakiletwa kama watumwa na askari, wengine wakiwa mabaharia, na baadhi yao walipanda wakawa makamanda na watu wa mali. Wazao wao, Wasidi, wako Gujarat hadi leo, wanazungumza Kigujarati na wanapiga ngoma zao. Mimi niliyezaliwa Kisumu, nikakua nikiamini kwamba safari ya Afrika na India ilikuwa ya Wahindi kuja kwetu tu, nilisimama mbele ya kazi ya mtu huyu nikalia, wala sioni haya kusema.

Nikueleze nilichokiona. Wanawake hawaruhusiwi kuingia ukumbi wa swala, kwa hiyo nilizunguka nyuma kwenye kibustani. Ukuta wa magharibi una madirisha ya nusu duara, na mawili kati yake yamejazwa mti. Ni jiwe, lakini limetobolewa hadi likawa matawi. Mtende umesimama katikati, na mti mwingine unajisokota kuuzunguka, matawi yake yanapishana, tawi moja likipita mbele ya jingine na kurudi nyuma yake, majani madogo yamejaza kila nafasi, na hakuna tawi linalokatika njiani. Nilijaribu kufuata moja kwa kidole hewani, kutoka kwenye shina hadi ukingoni, nikapotea. Kati ya jani na jani unaona giza la ndani. Jua la alasiri linaupiga ukuta huo moja kwa moja, kwa hiyo nenda kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Wewe mwanamume unaweza pia kuingia, nje ya saa za swala, uone upande wa ndani mwanga ukipenya. Chuo mashuhuri cha usimamizi cha mji huo kimetumia dirisha hilo kuwa nembo yake.

Jioni, ukiwa bado na nguvu, chukua tuktuk uvuke mto hadi Sabarmati, kwenye ashram ya Gandhi, yaani makao aliyoishi na wafuasi wake. Fika kabla hawajafunga. Aliishi hapo kuanzia 1917 hadi tarehe 12 Machi 1930, alipotoka kwa miguu na wafuasi 78 kwenda Dandi, ufukweni, kuokota chumvi kinyume cha sheria ya Waingereza. Ni kama kilomita 385, zaidi ya kutoka Kisumu hadi Nairobi. Aliapa hatarudi kuishi pale mpaka India iwe huru. Chumba chake kina godoro sakafuni, dawati la chini na gurudumu la kusokotea uzi. Kiingilio ni bure. Keti kwenye ngazi zinazotazama mto, kisha urudi kabla ya dawa za usiku.

Jambo la mwisho, Mwalimu: chanjo ya homa ya manjano. Kutoka Kenya huingii India bila kadi hiyo, na lazima mchanjwe angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Kwa mama, muulize kwanza daktari wake wa moyo. Wagonjwa wengine hawafai kuchanjwa, nao huhitaji barua rasmi ya daktari. Na ninyi wawili mwombe viza ya wasindikizaji wa mgonjwa, msiombe ya utalii.

*Shangazi, nina duka la vitambaa hapa Nakuru na ninakwenda Ahmedabad kununua mali. Nitakuwa na Jumatano nzima huru. Nimeambiwa nisikose jumba la makumbusho la Calico. Nipangeje siku yangu? — Mfanyabiashara, Nakuru*

Dada, Jumatano Calico hufungwa. Badilisha siku kama unaweza, kwa sababu kwa mtu wa vitambaa hakuna mahali kama pale. Lilianzishwa mwaka 1949 na familia ya Sarabhai, wenye viwanda vya nguo. Huingii ukajizungukia mwenyewe. Unaandikisha jina mapema, watu wanapokelewa wachache, na mnazungushwa na mwongozaji asiyependa kucheleweshwa. Simu na kamera hubaki nje. Beba daftari. Utaona nguo za makasri ya Wamughal, na *patola* za mji wa Patan, ambazo nyuzi hupakwa rangi kabla ya kufumwa, za urefu na za upana, ili ua litokee lenyewe kwenye kitanda cha mfumaji. Ukishaziona hizo, hutadanganywa tena na mtu anayekuuzia iliyochapwa kwa bei ya iliyofumwa.

Jumatano ikibaki Jumatano, asubuhi nenda Adalaj, kama kilomita 18 kaskazini mwa mji. Hapo gari la kukodi lina maana. Ni kisima cha ngazi cha mwaka 1499, kinachohusishwa na Malkia Rudabai, na kinashuka ghorofa tano kwenda chini. Unateremka kati ya nguzo zilizochongwa maua, ndovu na wanawake wanaosukasuka maziwa, na kila ghorofa hewa inazidi kuwa baridi. Wanawake waliokuja kuteka maji walipumzika humo wakapata muda wa kuzungumza bila kuharakishwa. Mchana rudi Dhalgarwad, soko la vitambaa karibu na malango matatu ya Teen Darwaza. Mji ule ulipata kiwanda chake cha kwanza cha nguo mwaka 1861 na ukaishi kwa pamba zaidi ya karne moja, kwa hiyo wauzaji wa pale wanaujua uzi. Usianze kutaja bei. Shika kitambaa, ukikunje, ukitazame kwenye mwanga, uulize kimetoka kijiji gani. Muuzaji akishajua unaelewa, bei huteremka yenyewe.

*Shangazi, kijana wangu anasoma chuo huko Ahmedabad na ameniita nimtembelee. Magoti yananisumbua. Nitaweza? Na niende mwezi gani? — Mzee, Bungoma*

Shikamoo Mzee wangu. Yale matembezi ya miguu hayakufai. Vichochoro vina ngazi, mawe yaliyoinuka na pikipiki zinazopita bila kupunguza mwendo. Mwambie kijana akupeleke ashram, ambako ardhi ni tambarare na kuna viti chini ya miti, kisha hekalu la Hutheesing la Wajaini, la marumaru nyeupe, la mwaka 1848. Unakaa uani ukatazama, inatosha. Adalaj usishuke, hata akikubembeleza.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, na Juni hadi Septemba ni mvua. Ukiwa huko tarehe 14 Januari, mji mzima hupanda juu ya paa kurusha tiara. Ni furaha kubwa, lakini nyuzi zao zimepakwa unga wa chupa ili zikate za wenzao, na zimewahi kukata watu shingo barabarani. Siku hiyo usikubali kupakiwa kwenye pikipiki. Kaa juu ya paa nao, wakupe ufuta na karanga za sukari guru. Na ujue kwamba Gujarat pombe imepigwa marufuku, usibebe hata ya zawadi.

*Shangazi, mimi ni mstaafu wa reli. Unatusifia mitaa ya Wahindi kule kwao. Hapa Kisumu maduka ya kale ya Wahindi yanabomolewa kila mwaka na hakuna anayewaonyesha watoto. Kwa nini sisi hatuna matembezi kama hayo? — Mstaafu, Kisumu*

Mzee, swali lako limeniuma kwa sababu ni la kweli. Tuna vyote vinavyohitajika. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na vibarua na wenye maduka kutoka Gujarat na Punjab wakaujenga pamoja na wenyeji wa hapa. Mnara wa saa ulio mjini ulizinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871. Watu wanakutana chini yake kila siku na hawasomi kibao. Maduka ya zamani ya Oginga Odinga Street yana miaka iliyoandikwa juu ya paa la mbele, ila mabango ya simu yameifunika. Tunayo misikiti, mahekalu na gurudwara, na tangu 1980 tunalo jumba la makumbusho.

Ahmedabad hawakungoja wageni ndipo waanze. Waliwachukua vijana wa mitaa ileile, wakawafundisha historia ya nyumba za babu zao, wakawapa kazi ya kuongoza. Hilo linahitaji watu wanaokumbuka, nawe unakumbuka: nani alifanya kazi karakana gani, meli ipi iliunganishwa bandarini, duka gani lilikuwa la nani. Ninajua walimu wa historia wawili watatu hapa mjini ambao wangekuja Jumamosi na darasa zima. Tuma kwa mhariri mahali unapoweza kusimama na saa inayokufaa. Napendekeza stesheni ya reli, saa mbili asubuhi, kabla jua la ziwa halijakolea. Viti vya wanafunzi nitavitafuta mimi, na chai pia.